Konsuli Mdogo na Ndoa ya Majaribio

Mwanangu, nasikia umepata kazi ubalozini na tayari umenuna, eti cheo ni cha chini. Kaa hapo nikueleze.

Siku moja ya enzi za masetla, wale walowezi wa Kizungu, siisahau. Nilikuwa mpishi katika hoteli ndogo mjini Eldoret. Akashuka kwenye treni kijana mwembamba, konsuli mdogo wa nchi moja ya Ulaya. Mkubwa wake alibaki Nairobi kwenye karamu. Huyu ndiye aliyetumwa kuwazika raia wao waliokufa, kuwatembelea waliofungwa na kuwaoza waliopendana. Safari hii alikuwa anaenda kufungisha ndoa shambani Kaptagat, na hakuwahi kufungisha hata moja. Chai niliyomwekea aliiacha ipoe bila kuigusa.

Jioni akaniomba nisimame kama bwana harusi ili ajaribu. Bibi harusi akawa Rebeka, mama yako huyu, aliyekuwa akifua mashuka pale. Nilimpenda tangu zamani ila kumwambia nilishindwa. Nilipoulizwa kama namtaka, nikajibu ndiyo kwa sauti ambayo haikuwa ya majaribio. Naye akajibu ndiyo, macho chini. Jikoni kote wakapiga vigelegele.

Kumbe babake Rebeka, fundi wa mikokoteni, alikuwa mlangoni amekuja kumchukua. Akaingia polepole, akaketi.

"Huyu msichana ameulizwa mbele ya watu na amekubali," akasema. "Kwetu hiyo si mchezo. Sasa nani anaongea kwa niaba ya kijana? Kama hakuna, naenda na msichana wangu na harudi hapa."

Sikuwa na mtu. Wazee wangu walikuwa mbali, karibu na Kakamega. Niliogopa, mwanangu, nikaona Rebeka ananiponyoka. Nikamtafsiria konsuli. Akafikiri kidogo, akaketi juu ya gunia la viazi.

"Mzee, mimi naongea kwa yeye," akasema kwa Kiswahili chake kibovu. "Kazi yangu ni kuongea kwa mtu ako mbali na kwao."

Wakajadili ng'ombe wa mahari mpaka chakula changu kikaungua. Walipoelewana, mzee akanigeukia: "Huyu anaondoka kesho. Wewe unabaki na neno lako." Asubuhi konsuli akaenda Kaptagat, na chai yake alikunywa yote.

Mwanangu, mtu asiye na wa kumsemea akifika mezani kwako, usimwambie amngoje mkubwa. Msikilize, kisha umsemee. Mkubwa wa yule kijana hakujua kamwe kwamba wewe uko duniani kwa kazi ya konsuli wake mdogo. Mungu akutangulie, akupe subira na watu wa kuwafaa.