Nguzo za Njia ya Mlimani

"Mmechora alama ya walemavu, halafu mmeziba njia kwa nguzo! Nipite na mabawa?" Fundi cherehani wetu alikuwa anamfokea mlinzi wa njia mpya ya mlimani. Baiskeli yake ya kuendesha kwa mikono ilikuwa imegota kwenye nguzo za kuzuia bodaboda. Kila asubuhi hufuta vishikio kwa pindo la kanga, maana upepo wa Dodoma hauachi kitu bila vumbi. Viganja vyake ni vigumu kama soli. Mlinzi, umri wa mwanawe, akamruka kama hayupo, akanigeukia mimi niliyeandamana naye: "Shikamoo mama. Huyu anataka nini?" Nikawaka. "Muulize mwenyewe, mdomo anao!" Mlinzi akainama ambebe. Fundi akamzaba kofi la mkononi. "Mimi si gunia la karanga. Ng'oa nguzo."

Fundi hakusogea. Alitoa shati la mteja, akaanza kushona vifungo palepale penye nguzo, wenye raba za mazoezi wakirundikana nyuma yake na kununa. Na wanune! Alipofika shati la tatu, mlinzi akaleta sururu. Nguzo ilipolala, akavua kofia. "Shikamoo, mama." Fundi akashika vishikio. Alizungusha mikono, akapita, akapanda mlima bila kusukumwa na mtu. Alipofika kona ya kwanza ndipo akageuka, akapaza sauti: "Marahaba!"