Kompyuta Iliyomfuta Mume Wangu

Miaka ya sabini tulikuwa tunalima chai Manga, huko Kisii. Kampuni iliyonunua majani ilikuwa imeanza kuwaandika wakulima kwa kompyuta huko Nairobi, kila mmoja na nambari yake. Binamu wa mume wangu alipofariki, kompyuta ikamfuta, na mume wangu ikamfuta pamoja naye. Karani wa kituo cha kununulia chai akakataa majani yangu. Akasema mwenye nambari hiyo ni marehemu. Marehemu mwenyewe alikuwa nyuma yangu, ameshika kikapu cha pili.

Chai ikishachumwa haingoji. Nilimwaga kazi ya asubuhi nzima kando ya njia, mtoto analia mgongoni, nikasema tunakwenda kortini.

Wakili wetu mjini Kisii alituambia kwamba hakimu hajawahi kuona kompyuta, kwa hiyo lazima tulete mtu anayeijua. Akaja mtaalamu kutoka Nairobi, kijana aliyevaa tai. Nilidhani ataanza na mashine. Yeye aliketi jikoni kwa mama mkwe wangu, akawa anauliza habari za ukoo. Nilimwambia wazi hatukumwita aje kula ndizi zetu na kujifunza majina. Alicheka, akaomba aongezewe ndizi.

Mama mkwe alimweleza. Babu wa mume wangu alipofariki, wanawe wawili walipata watoto wa kiume, na kila mmoja akampa mwanawe jina la mzee, kama ilivyo desturi. Wakabatizwa siku moja, mchungaji akawapa jina moja la Biblia. Hapo nyumbani hakuna aliyewachanganya, maana kila mmoja alitajwa kwa jina la mama yake.

"Na mlipojiandikisha kwa chai, mliulizwa jina la mama?"

"Aulize nani?" mama mkwe akasema. "Walikuwa wanaandika wakulima, si wazazi."

Kortini, wakili wa kampuni alimuuliza mtaalamu wetu kama kompyuta ilikosea. Akajibu kwamba haikukosea. Na huyo ndiye mtu tuliyemleta sisi! Nilisimama na mtoto wangu, na sijui ningefanya nini kama askari hangeninong'oneza, "Mama, keti."

"Mheshimiwa," mtaalamu akaendelea, "mashine hufanya ilichoagizwa. Iliagizwa kwamba majina yakifanana katika kituo kimoja, huyo ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili, na nambari zake ziunganishwe. Aliyeandika agizo hilo hakuuliza watu wa hapa huwapaje watoto majina. Mmoja alipokufa, mashine ikawazika wote wawili."

Hakimu akaamuru mume wangu arudishiwe nambari yake.

Niliporudi kituoni, karani alikuwa yule yule. Bila kuinua macho akaniuliza mume wangu amezaliwa na nani. Nikamtajia mama mkwe wangu. Akaandika, akaning'iniza kikapu kwenye mizani. Sikumsalimia.