Mama wa Yule Binti wa Madura

Mwalimu wa madarasa ya watu wazima hapa Buffalo, Marekani, alitusomesha hadithi ya kisiwa cha Madura, kule Indonesia. Baba wawili marafiki wanapatana kuozeshana watoto wakati binti bado yuko tumboni. Binti anakua, anakataa, analia, anaolewa. Mwalimu akauliza kosa ni la nani. Darasa zima likasema la baba. Mimi nikasema la mama. Hadithi nzima anaonekana mara tatu, na kila mara amebeba kahawa ya wageni.

Nilijua ninachosema. Niliozeshwa kwenye kambi ya wakimbizi, kabla hatujaletwa Marekani, nikiwa na miaka kumi na saba, kwa mtu aliyechaguliwa na baba. Mama alipika. Mume wangu si mtu mbaya, lakini hilo silo nililoulizwa. Sikuulizwa kitu.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu akapiga simu kutoka Louisville, anakoishi na wazazi. Ana miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi.

"Dada, watu wa Columbus wanaleta mahari Jumamosi. Mimi sitaki."

"Mama umemwambia?"

"Amesema tutaona. Bon, kuku wa wageni ameshanunua."

Ijumaa niliomba ruhusa kiwandani, nikamfunga mtoto wangu kwenye kiti chake, nikaendesha kuelekea Louisville. Columbus iko njiani. Nikaingia Hilliard, kitongoji cha huko, nikambeba mtoto mgongoni, nikabisha hodi nyumbani kwa kijana anayeposa. Kwetu hakuna anayekwenda upande wa mwanamume bila msemaji, sembuse mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mama wa kijana, aliyenijua tangu kambini, akanifungulia. Maboksi ya soda ya safari yalikuwa yamepangwa mlangoni.

"Karibu, binti yangu. Baba amekutuma?"

"Hapana, mama. Nimejituma. Mdogo wangu hataki."

"Donc wewe ndiye unaolewa, mpaka uje kukataa?"

"Mimi nilishaolewa. Ndiyo maana nimekuja."

Akanivutia kiti. "Mpigie. Nisikie kwa mdomo wake."

Nikapiga, nikafungua spika, nikampa simu. Mdogo wangu akasema, "Nisamehe, mama. Sitaki." Alisema hivyo mara mbili.

Yule mama akanirudishia simu, akamwita mwanawe. "Waambie wajomba zako kesho hatuendi."

Baba alinipigia kabla sijafika Cincinnati. Alisema nisikanyage kwake. Nikageuza gari, nikarudi Buffalo.

Jumatatu mdogo wangu alikwenda darasani. Mama hajanipigia mpaka leo.