Swali la Tano

Jumapili Gethin aliazima majibu ya fizikia ya mwenzake Rosalind, akayanakili yote, kisha akasahau kumrudishia. Kesho yake wakaketi wawili tu mbele ya mwalimu wao, Dokta Askew, chai na biskuti mezani.

“Rosalind, hukuleta kazi. Ulikuwa mtoni unapiga makasia tena?” mzee alitania. “Gethin, swali la tano umelipatia kweli. Hebu mwelekeze mwenzako.”

Gethin akashika chaki. Mstari wa tatu ukamshinda.

“Gawanya kwa tungamo,” Rosalind alimnong'oneza.

Anasaidiwa tena na yule yule aliyeponzwa naye! Masikio yakamwaka moto. Akaiweka chaki chini.

“Dokta, kazi hii ni yake. Mimi nilinakili tu.”

“Na karatasi zangu unirudishie, wewe,” Rosalind akasema.