Mfunga Chambo wa Chaka Asiyetia Sahihi Ovyo

Saa tatu asubuhi, Wakiuru Ngatia anafunika meza kwa leso kabla ya kufungua mlango. Anadai kwanza kuona kitambulisho cha mwandishi, kisha anakigeuza kuangalia nyuma.

"Nani amekutuma?"

Ni baada ya chai ndipo leso inaondolewa. Chini yake kuna ndoana ndogo, uzi na manyoya ya jogoo. Kwa miaka sita, Wakiuru, 43, amekuwa akifunga chambo cha bandia chenye umbo la nzi nyumbani kwake Chaka, Kaunti ya Nyeri. Mfanyabiashara mmoja mwenye kampuni humlipa shilingi kumi na mbili kwa kila kimoja, kisha huwauzia wavuvi wa ng'ambo.

Vifaa huletwa kila Jumatatu na wakala wa mfanyabiashara huyo, Kihara. Machi mwaka huu alileta pia karatasi nne za Kiingereza.

"Aliniambia, 'Mama, ni kitu ya kawaida tu, weka sign hapa.' Lakini wiki mbili kabla ya hapo, jirani yangu Warigia, pia yeye hufunga chambo, alikuwa amedungwa na ndoana kwa jicho, akaomba kampuni imsaidie na hospitali. Halafu ghafla, karatasi? Nikashuku."

Alimwambia Kihara aziache. Ukurasa wa tatu ulidai kwamba Wakiuru hununua manyoya kwa pesa zake na wala si mfanyakazi wa mtu.

"Mimi sijawahi nunua hata unyoya moja!"

Alizipeleka ofisi ya leba mjini Nyeri. Hata huko hakuwa na imani. "Nilimuuliza huyo afisa kama anajuana na boss."

Afisa naye aliuliza: Nani huleta vifaa? Nani huchagua rangi? Nani hukataa kazi mbaya? Jibu lilikuwa lile lile: Kihara. Afisa akasema basi yeye ni mfanyakazi, na mfanyakazi akiumia kazini hulipwa. Akamshauri asitie sahihi, kisha akamwandikia mfanyabiashara huyo barua.

Jumatatu iliyofuata, Kihara alipita langoni bila kusimama. Kwa wiki tano Wakiuru alivuna viazi katika mashamba ya watu. Wengine walimcheka. Lakini wanawake kumi na mmoja wanaofunga chambo Chaka na Mweiga nao wakakataa kutia sahihi.

Hatimaye Kihara alirudi na manyoya na karatasi mpya, inayokubali kuwa wao ni wafanyakazi. Kampuni ilikuwa imeshampeleka Warigia hospitali.

Bado Wakiuru hajatia sahihi. Anaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Wameandika mtu akiumia kampuni 'itasaidia.' Kusaidia ni wakipenda. Ijumaa tunaenda Nyeri sisi wote kumi na wawili. Waandike 'italipa.'"