Mrusi Langoni kwa Baba

Kwetu Nainokanoka, Umaasaini, ng'ombe hawahesabiwi. Jioni wakirudi malishoni baba husimama langoni, fimbo mabegani, akiwatazama wanavyopita. Wa mwisho akishaingia anasema, "Hayupo yule mwenye baka jichoni," au, "Hayupo yule wa pembe iliyopinda," na vijana wanarudi porini kumtafuta. Ukitaja idadi yao umewaitia balaa. Watoto nao ni hivyo hivyo. Mimi nimezaliwa katika boma hilo, nikapenda hisabati kuliko kitu kingine chochote, na sijawahi kuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Aliyeniambukiza ugonjwa huo ni mwalimu wangu wa sekondari, Mwiraqw wa Daa, mwanamke ambaye akikasirika alianza kutugombeza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kiiraqw. Siku moja, wasichana wote tukiwa tunasinzia, aliweka chaki chini akatusimulia habari za mwanamke wa Urusi wa zamani, enzi za wafalme wa huko. Nyumbani kwao karatasi za kupambia kuta ziliisha kabla ya kufika chumba cha watoto, basi kikabandikwa kurasa kuukuu za masomo ya hisabati. Mtoto akakua akizitazama alama asizozielewa. Duka la kwetu limebandikwa magazeti ukutani, kwa hiyo nilimwona kabisa yule mtoto, shingo upande, akisoma ukuta.

Alipokua, vyuo vikuu vya kwao havikupokea wanawake, na kwenda nje bila ruhusa ya baba au mume ilikuwa haiwezekani. Akaolewa na mwanamume aliyekubali kuwa mume wa jina tu ili waondoke. Ujerumani nako chuo kikamfungia mlango, lakini profesa mmoja mzee akamfundisha nyumbani kwake mpaka akawa daktari wa hisabati. Akarudi kwao na elimu yote hiyo, wakamwambia kazi iliyopo ni kufundisha wasichana wadogo kujumlisha. Mwisho alipata uprofesa katika nchi nyingine, akifundisha kwa lugha ya wenyewe. Nilikasirika kwa niaba yake wiki nzima.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilichaguliwa kusoma fizikia, kemia na hisabati kwenye shule ya mkoa mwingine. Baba hakusema ndiyo wala hapana. Mwalimu akasema atakuja mwenyewe kuzungumza naye, na kweli akaja, amepanda mlima kwa miguu, viatu vimejaa matope. Nilifurahi mno. Baba akamsalimia, "Takwenya," naye akaitika "Iko" vizuri kabisa, mama akamletea chai ya maziwa.

Sasa, watu wa Daa ni wakulima. Kwao kumwambia mtu kwamba umeyaona magunia yake ya mahindi na ni mengi ni kumpongeza. Mwalimu akanywa chai, akatabasamu, akasema, "Mzee, hongera sana! Nimewahesabu ng'ombe wako pale bondeni." Akataja idadi. Mama akakohoa. Mwalimu akadhani hakusikika, akaitaja tena kwa sauti ya darasani.

Baba akatema mate chini kuondoa mkosi, akanyanyuka, akaenda kutazama ndama. Mwalimu aliondoka bila kujua amefanya nini, na mimi nilikosa nguvu ya kumweleza. Wiki hiyo hiyo mtamba mmoja akafa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe.

"Kasome unesi," baba aliniambia. "Hakuna ng'ombe wangu atakayekufa kwa sababu ya unesi. Hiyo hisabati, hapana."

Nililia, sifichi. Kisha nikamuuliza mama kama hakuna mwanamume wa ukoo wowote anayeweza kunioa kwa jina tu, kama yule Mrusi, mama akacheka mpaka akamwaga maziwa. Lakini unesi nilishaukataa moyoni. Nawaheshimu sana manesi, ila damu naiogopa na hisabati naipenda, na mimi nikishaamua jambo huwa sigeuki.

Sikumwomba baba tena. Likizo yote, kila jioni, nilichukua kibuyu changu cha kukamulia, nikasimama naye langoni kungoja ng'ombe. Kabla hawajafika nilimsimulia habari za yule mwanamke, kidogo kidogo.

"Alikuwa na baba?" aliuliza siku moja bila kunitazama.

"Alikuwa naye. Mkubwa wa jeshi. Naye alimkataza hisabati."

"Alikuwa mtu mwenye akili," baba akasema.

Jioni nyingine yeye ndiye aliyeanza. "Huyo Mrusi wako alikuwa anahesabu nini hasa?"

Swali hilo nililisubiri likizo nzima. "Hakuhesabu kitu, baba. Alitazama kitu kizito kinachozunguka juu ya ncha yake, uzito wake umelalia upande. Alitaka kujua kitakwendaje."

Baba akachomoa rungu kiunoni. Kichwa cha rungu lake kina nundu upande mmoja. Akalisimamisha kwenye jiwe kwa ncha ya mpini, akalizungusha kwa viganja, akaliachia. Likayumba, likaanguka kushoto. Akarudia. Likaangukia miguuni kwangu. Akarudia tena na tena, shuka limemvuka begani, mzee mzima amechuchumaa langoni, na ng'ombe wa mbele wameshafika wanamshangaa.

"Kila mara linakwenda kivyake," akasema.

"Ndiyo. Wakubwa wengi wa hisabati waliomtangulia walishindwa na fumbo hilo. Yeye akapata kitu cha namna moja, kilicholalia upande, akaijua njia yake yote."

"Bila kuhesabu?"

"Kama wewe hapa langoni. Huhesabu, na unamjua asiyekuwepo."

Hapo nilikuwa nimeirahisisha hisabati kupita kiasi, na wanafunzi wangu wa leo pale Karatu wangenicheka. Lakini sikuwa nimemdanganya. Baba alisimama, akatazama ng'ombe wakiingia mpaka wa mwisho, akafunga lango kwa tawi la miiba.

"Nenda," akasema. "Ila ukirudi, humu ndani hutaji idadi ya kitu chochote."

"Sitaji, baba."

Nikainamisha kichwa, akaniwekea mkono wa baraka.

Miaka ile ya shule nilidhani amenisahau. Hakupiga simu hata mara moja, na nikipiga mimi aliuliza habari za mvua, akamrudishia mama simu. Iliniuma sana. Nimeanza kazi ndipo mama akaniambia, tukiwa tunakamua, kama mtu anayesimulia jambo dogo. Tangu jioni niliyoondoka, ng'ombe wakishaingia wote na kila mmoja yupo, baba alikuwa anabaki amesimama na lile tawi mkononi. Vijana wanamuuliza anangoja nani. Anasema, "Hayupo yule wa hisabati," kisha ndipo anafunga.