Pilau ya Kuagana Haikumfunga Mdomo Mwanamkasi

“Mie nimekula pilau ya yule bwana, nimenawa, nikamwombea na dua. Leo nimshitaki kwa uso upi?”

Ni saa nne asubuhi, Chumbageni. Zubeiri amesimama nje ya nyumba ya jirani yake Mwanamkasi, sauti juu, na madirisha ya mtaa mzima yamekwisha kufunguliwa. Mwanamkasi yuko barazani anasuka busati la mkonge, wala mikono haisimami.

“Kwa uso huohuo uliokula vumbi la mkonge miaka kumi na minne, kaka Zubeiri.”

Wote wawili walikuwa wakisokota kamba katika kiwanda kilichouzwa mwaka jana, 1993, kama vinavyouzwa vingi siku hizi za ruksa. Mwenyewe mpya alitaka watu wachache. Waliopunguzwa hawakuiba wala hawakugombana na mtu.

Yule bwana alikuwa mjanja. Siku ya mwisho aliwapikia pilau ya mbuzi, akamleta shekhe akasoma dua, kisha kila mtu akapewa bahasha na mahali pa kutia saini kwamba hadai tena.

Sasa, Tanga hii, nani atahesabu zawadi mbele ya aliyeitoa? Watu walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakatia saini.

Mwanamkasi siku hiyo alikuwa amefunga sita, zile funga za baada ya Idi. Sinia lilimpita.

“Wenzangu walishiba, haya ikawajaa,” anasema. “Mie nilikuwa na njaa, nikauliza. Hii ni hisani au ni haki? Kama ni hisani, ahsante. Haki yangu iko wapi?”

Karani aliyegawa bahasha alicheka. Mwanamkasi akairudisha bahasha mezani, akatoka.

Mtaa ulipata la kusema. Kuna waliosema anajidai, na kuna waliosema ana bwana ofisini, hata jina wakamtajia. Mwanamkasi aliyasikia yote, maana wasemaji walikuwa wakija kuyasemea barazani kwake, wakinywa chai yake.

Alikwenda ofisi ya kazi ya serikali, akamkuta afisa mmoja, mama aitwaye Bi Yudith. Huyo ndiye aliyemfahamisha kwamba mtu akiachishwa bila kosa hupewa notisi au mshahara badala yake, hulipwa likizo ambayo hakwenda, na hupata malipo kwa kadiri ya miaka aliyotumika. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa zawadi.

Alikwenda na kurudi miezi mitano. Bahasha ile ilikuwa na shilingi elfu tano. Alicholipwa mwishowe ni elfu tisini na sita. Akanunua mkonge, na leo wanawake wanne wanasuka naye. Akiulizwa kazi yake, hujinyoosha kwanza: “Mie fundi wa mkonge. Kiwanda kiliniacha, ufundi haukuniacha.”

Zubeiri bado ameganda na pilau yake. Bi Yudith yuko tayari kusikiliza hata waliotia saini bila kuelezwa, lakini lazima waje wenyewe, na wiki hii ikipita mlango umefungwa.

Mwanamkasi anaweka busati chini.

“Kaka, mgeni ndiye asiyeuliza. Wewe kiwanda kile ulikuwamo kabla ya yule bwana. Mgeni alikuwa yeye.”

Zubeiri anatazama mikono yake, ile yenye makovu ya kamba. Halafu anauliza, polepole sasa, kama mtu huingia ofisini kwa Bi Yudith na kanzu au na suruali.

Mwanamkasi anacheka. Mpango wake ni kuwafikisha wenzake wote ofisini mmoja mmoja, kisha apange chumba cha kusukia, maana baraza imekuwa ndogo.

“Vaa upendavyo. Kesho saa mbili tunakwenda wote,” anamwambia. “Sasa vua viatu upite ndani, mihogo ya nazi imeiva. Mkeo yuko jikoni kwangu tangu asubuhi, anangoja umalize kelele, mle pamoja.”